Blanketi la Binti wa Pili

Asubuhi za Butembo hazianzi kwa jua. Zinaanza kwa ukungu unaoshuka kutoka vilimani na kukaa barabarani kama mgeni asiye na haraka, na humo ndani unasikia pikipiki kabla ya kuiona. Ni katika ukungu wa namna hiyo nilipopata habari kwamba rafiki yangu amejifungua. Sauti yake ilitoka kwenye simu, ya chini, yenye usingizi wa mtu aliyemaliza kazi kubwa.

"Nimezaa. Ni binti tena. Ukuje umuone. Usilete kitu, ukuje wewe."

Niliusikiliza ujumbe ule mara nyingi, nikiwa nimesimama mlangoni mwa duka la ushonaji, atelie yangu. Nasema yangu, na nasema kwa sauti, maana hakuna aliyenipa. Niliondoka Masereka nikiwa binti wa viazi na kabichi, mikono imepasuka kwa baridi. Nilibeba mizigo ya watu kule Kasindi mpakani, nikavuka kwenda Uganda, nikafagia duka la fundi mmoja wa nguo mpaka akachoka kunifukuza karibu na mashine zake. Nikasoma jioni. Leo diploma yangu ya ushonaji na udarizi iko ukutani ndani ya kioo, mahali ambapo mteja anaiona kabla ya kuuliza bei. Wapo wengine mjini wanaoandika majina kwenye nguo, sikatai. Lakini herufi zao zimesimama juu ya kitambaa kama watu wanaosubiri gari. Za kwangu zinalala humo kana kwamba ziliota pamoja nacho.

Rafiki yangu huyo tulikua pamoja Masereka, ua wa kwao umegusana na ua wa kwetu. Yeye aliolewa Beni, na mnunuzi wa kakao, wakajenga katika mtaa wa Bungulu. Binti yake wa kwanza alipobatizwa mimi nilikuwa ng'ambo ya mpaka. Picha nilitumiwa: mwanamke mwingine, simjui, amemshika mtoto kando ya maji ya ubatizo, na rafiki yangu anatabasamu pembeni. Niliitazama picha ile katika chumba changu cha kupanga huku mvua ikipiga bati, nikajiambia kwamba yule mwanamke amesimama mahali pangu.

Basi safari hii mahali pale nilipataka mwenyewe. Nilitaka niwe mama wa ubatizo wa mtoto huyu. Lakini kitu kama hicho hakiombwi. Mtu anakaa anangoja aombwe, na akiomba mwenyewe amekiharibu. Tena, tangu nirudi Butembo, rafiki yangu alikuwa amekuwa mtu wa maneno machache. Nikimpigia, anacheka, ananiuliza habari za kazi, kisha mtoto analia au chungu kinachemka, na simu inakatika. Kulikuwa na kitu katikati yetu kama pazia la ukungu, na sikujua limetoka wapi. Ndiyo maana niliweka tumaini langu lote juu ya zawadi.

Mama yangu mdogo, ambaye nakaa naye na ambaye hajawahi kushangazwa na lolote nililofanya, alikuwa anachambua maharage aliponisikia nikiwaza kwa sauti.

"Peleka kuku," alisema. "Mama akikula, mutoto anakula. Kuku na sabuni. Basi."

"Mama mudogo, kuku kila mutu analeta."

"Njo maana ni muzuri!"

"Mimi hapana kila mutu."

Alicheka mpaka maharage mengine yakamwagika. "Eeh! Diploma imesema! Donc utampelekea mutoto diploma akunywe maziwa ndani?"

Nilimwacha na kicheko chake nikaenda sokoni. Nakumbuka nilitembea kama mtu aliye usingizini. Ukungu ulikuwa bado umejishika kwenye mabati ya vibanda, na vitu vya watoto vilining'inia humo bila kuonyesha kamba iliyovishika: viatu vidogo vya sufi, wanasesere wa plastiki wenye macho ya buluu walioingia kupitia Kasindi, gari linaloimba ukilisukuma, bangili nyembamba za rangi ya dhahabu. Nilishika kila kimoja na kila kimoja kilikaa mkononi mwangu kama kitu cha mtu mwingine. Mwanasesere angevunjika. Viatu vingebana kabla ya masika. Gari lingeimba mpaka betri ife, halafu lingekuwa kipande cha plastiki uani. Mwuzaji mmoja aliniuliza, "Mama, mutoto iko na miezi ngapi?" nikashindwa kumjibu, si kwa kutojua, ila kwa sababu mtoto niliyekuwa namwona akilini wakati ule hakuwa huyo wa Beni. Nilikuwa nawaona watoto wawili wa Masereka chini ya blanketi moja.

Blanketi lile lilikuwa la kijivu na lilikuwa la kwao. Mama zetu wakiwa shambani na mvua ikianza, tulikuwa tunajifunika nalo, vichwa na yote, mimi na yeye, tukisema kwamba sasa tuko nyumbani kwetu. Humo ndani kulikuwa na harufu ya moshi na ya viazi vilivyookwa kwenye majivu, na mwanga uliopenya nyuzi ulikuwa wa rangi ya maziwa. Magoti yetu ndiyo yalikuwa milima. Tulipanga maisha yetu yote humo. Yeye alisema atazaa mabinti tu. Mimi nilisema nitakuwa na duka lenye jina langu juu ya mlango. Alisema, "Na batoto wangu utabashonea nguo?" Nikasema nitawashonea, kila mmoja na jina lake mbele, ili wasigombanie. Tulikuwa wadogo kiasi kwamba hata mvua ilipokoma tuliendelea kuisikia.

Nikarudi kutoka sokoni mikono mitupu na kazi yote imekamilika kichwani.

Nilichukua kitambaa kizuri cha sufi, cha rangi ya malai, kile nilichokuwa nimekiweka kwa ajili ya mteja mkubwa. Pembeni nilidarizi maua ya viazi, meupe na ya zambarau, kama yanavyofunika miteremko ya Masereka msimu ukiwa mzuri. Na katikati, jina.

Jina sikuhitaji kuuliza. Msomaji asiyetoka kwetu ajue kwamba sisi Wanande jina la kwanza la mtoto hatulichagui. Linamngoja mlangoni kabla hajafika. Binti wa kwanza ana jina lake, wa pili lake, wa tatu lake, na hivyo hivyo katika kila nyumba, ya tajiri na ya maskini. Ukiita jina la binti wa kwanza katikati ya soko la Butembo, nusu ya wanawake watageuka. Padri ataongeza lake siku ya ubatizo, lakini lile la kwanza mtu hahitaji kuambiwa. Anahesabu tu. Nami nilihesabu: rafiki yangu alikuwa na binti mmoja, huyu sasa ni wa pili. Nikaandika jina la binti wa pili, kwa uzi wa dhahabu, herufi kubwa zenye mikia inayoingia ndani ya maua.

Nilifanya kazi ile asubuhi baada ya asubuhi, kabla wateja hawajafika. Sindano ya mashine ilipanda na kushuka kama mtu anayesali kwa haraka, dirisha limejaa weupe, na mara nyingine nilikuwa sijui kama nadarizi kitambaa au nadarizi ukungu wenyewe. Nilipomaliza nilikiinua juu ya taa. Mama mdogo alikuja, akapitisha kidole juu ya herufi, akanyamaza. Yeye kunyamaza ni tuzo kubwa kuliko ile ya ukutani.

"Uliuliza jina?" alisema baadaye, kama anayeuliza kama nimefunga mlango.

"Si ni wa pili?"

"Kama unasema."

Nilikwenda Beni kwa gari langu. Ni dogo, lakini ni langu, na kwenye usukani nilikuwa nimefunga kitambaa nilichodarizi mwenyewe. Barabara inatoka kwenye baridi ikiteremka polepole, na hewa inabadilika kama maji yanayotiwa moto: kwanza nilifungua koti, kisha dirisha. Kakao ilikuwa imeanikwa kando ya njia juu ya maturubai, na harufu yake kali iliingia garini ikakaa kwenye kiti cha pembeni pamoja na furushi langu.

Kwenye kizuizi kimoja askari aliligusa furushi kwa kidole.

"Mama, ndani iko nini?"

"Zawadi ya mutoto."

"Fungua tuone."

Nikafungua. Alitazama maua, akatazama jina, uso wake ukalegea akawa kijana tu. "Oyo kitoko," alisema kwa Kilingala chake, ni nzuri. Kisha akacheka. "Mais, mama, blanketi ya Beni? Mutoto atapikwa!" Wenzake wakacheka pia, wakainua kamba, nikapita nikiwa nimenuna kidogo na nimefurahi zaidi.

Bungulu nilikuta nyumba ya matofali, geti la bati, na ndani ya ua mama mkwe wa rafiki yangu ameketi kwenye kigoda, anapepeta mchele. Mama mzima, kilemba chake kimefungwa barabara. Nilipiga magoti kidogo kumsalimu, naye akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Njo wewe wa Uganda? Tunakusikiaka! Ingia, ingia, mugonjwa wetu wa furaha iko ndani."

Rafiki yangu alikuwa amekaa kwenye mkeka sebuleni, mgongo ukutani, mtoto kifuani. Tulitazamana. Alikuwa amenenepa usoni na kukonda mabegani, na macho yalikuwa yale yale ya chini ya blanketi.

"Madamu Diploma," alisema.

"Mama batoto," nikasema, na tukaanza kucheka bila sababu, mpaka mtoto akakunja uso tukanyamaza wote wawili kama wanafunzi.

Binti yake wa kwanza, wa umri wa kuanza shule, alinisogelea akagusa hereni zangu, kisha akatumwa nje kwa bibi yake kuleta maji ya kunywa. Walirudi pamoja, bibi na glasi, mjukuu na sahani. Nilingoja mpaka wote wakae. Sitaficha kwamba nilitaka watazamaji. Nikalifungua furushi nikalitandaza blanketi lote juu ya mkeka, maua yakazunguka miguu yetu.

"Maria Mutakatifu," alisema mama mkwe. "Hii ni mukono ya mutu?"

"Ni mukono yangu."

"Na hapa katikati umeandika nini? Mimi macho haisomi tena."

Nikalisoma jina kwa sauti, wazi, kama linavyosomwa kanisani.

Nje mtu alipita akiita wanunuzi wa mkaa, sauti yake ikaja, ikakaa, ikaondoka. Mama mkwe aliweka glasi chini taratibu sana. Rafiki yangu alikuwa anatazama herufi, midomo yake inafuata moja baada ya moja, naye mtoto alikuwa amelala.

"Mwanangu," mama mkwe aliniambia, bila ukali wowote, "huyo alishaenda. Huyu ni mwenye anamufuata."

Nilielewa kabla hajamaliza, kwa sababu mtu yeyote wa kwetu angeelewa. Hesabu yetu haipunguzwi. Mtoto akifa anaondoka na jina lake, na anayekuja baadaye anachukua linalofuata. Mtoto yule aliyelala alikuwa binti wa tatu. Katikati yake na dada yake kulikuwa na mmoja ambaye sikuwahi kuambiwa kwamba alikuja wala kwamba alikwenda, na mimi nilikuwa nimemwita kwa jina lake katika nyumba ya mama yake, kwa uzi wa dhahabu.

"Lini?" nikauliza.

"Mwaka ile ya diploma yako," alisema rafiki yangu. "Alikuja kabla ya wakati, mudogo vile. Nikasema nisikuambie mpaka anenepe, nikutumie picha ya mutoto munene. Akaanza kunenepa. Akaanza hata kucheka. Halafu homa."

"Na hukuniambia."

"Ulikuwa na mitihani. Nilikujua, ungeacha yote ukuje. Nikakataza batu bote: asiambiwe. Kiisha ukatuma picha yako na ile kofia ya mraba." Alitabasamu kidogo. "Nikaiangalia sana ile picha. Nikasema, basi, angalau kimoja kimetimia."

Nilikumbuka jibu alilonitumia siku ile. Lilikuwa neno moja tu, la pongezi, na mimi nilidhani ana wivu.

"Na nilivyorudi?"

"Ulivyorudi, ulivyorudi... Kila ukipiga simu nasema leo namwambia. Wewe unaanza kusema habari ya masini mupya, na furaha yako, ma chère, inajaza nyumba yote. Nitaiweka wapi habari yangu?"

Basi pazia lile lilikuwa hilo. Sikulia mara moja. Nilifanya ninachofanya kila mteja anapoleta kazi yenye kosa: nilifungua mkoba, nikatoa mkasi wangu mdogo wa kukata nyuzi, nikalivuta blanketi magotini.

"Nipe nafasi kidogo," nikasema. "Uzi huu unatoka. Hautaona hata alama. Nitaandika jina ya huyu."

Mkono wake ukanishika kifundo.

"Usikate."

"Lakini jina ya marehemu juu ya mutoto muzima—"

"Juu ya mutoto hapana," alisema mama mkwe upesi. "Ile hatutafanya."

"Hapana juu ya mutoto," alisema rafiki yangu. Hakuwa ameachia mkono wangu. "Picha zake zilikuwa mu simu ya baba yake, na simu ikaanguka mu maji. Musalaba ilikuwa ya mbao, na mvua ya Beni unaijua. Jina yake haiko mahali. Hata mahali moja, unasikia? Ni mimi tu namwitaka, ndani." Akagusa herufi ya kwanza kwa ncha ya kidole, akaufuata mkia wake mpaka ulipoingia kwenye ua la kiazi. "Hata haya maua ya kwetu umeweka."

Mama mkwe alijifuta macho kwa ncha ya kikwembe, kitenge alichojifunga. Akamchukua mtoto kutoka kifuani mwa mama yake ili mikono ya mama iwe huru, akanipa mimi bila kuniuliza. Rafiki yangu alilikunja blanketi, mara moja, mara mbili, jina likiwa juu, akaliweka mapajani akalifunika kwa mikono yote miwili. Nilimwona akiwa mbali sana, na wakati huo huo hajawahi kuwa karibu nami namna ile tangu mvua za Masereka. Mwanga wa Beni uliingia mlangoni mweupe, mzito, na kwa kitambo nilihisi kama tumefunikwa tena vichwa na yote, sasa tukiwa wengi humo ndani.

Kisha akainua uso, na katika macho yaliyolowa nikaona uchokozi wa zamani.

"Sasa huyu umemuletea nini?"

"Nani?"

"Huyu mwenye uko naye mukononi! Dada yake amepata blanketi ya dhahabu. Yeye umemuletea nini, Madamu Diploma?"

Mimi, mwenye atelie, mwenye mashine zinazojua herufi za kila namna, nilitazama mkoba wangu. Kulikuwa na mkasi, funguo za gari na leso.

"Alikuja mikono mitupu!" alisema mama mkwe, na sauti yake ilikuwa na kicheko kilichochanganyika na machozi. "Kutoka Butembo! Hata kuku!"

"Mama mudogo wangu alisema kuku," nikakiri.

"Mama mudogo wako iko na akili."

Mtoto akaamka kwa kelele zetu akaanza kulia, kilio chembamba kama uzi. Nilifungua kikwembe changu cha juu, kile nilichokuwa nimejifunga kiunoni juu ya kingine, cha kijani, si kipya hata kidogo. Nilikinunua Kasindi nilipokuwa mbeba mizigo, kikafuliwa Uganda miaka yote ile mpaka kikawa laini kama ngozi. Siku ile nilikivaa kwa sababu huwa nakivaa nikiwa na wasiwasi. Nikamweka mtoto mgongoni, nikakaza kikwembe kifuani, nikaanza kutembea sebuleni, mlangoni, uani, nikirudi. Nilihisi moto wake mdogo kati ya mabega yangu. Alilia, akasita, akalia tena bila nia, akalala.

Jua lilipoelekea kushuka nilitaka niondoke kabla askari hawajaifunga barabara kwa usiku. Nikashika fundo la kikwembe.

"Wee, acha!" alinong'ona mama mkwe. "Utamuamsha. Mutelemushe pamoja nayo."

Wakamteremsha hivyo hivyo, amefungwa katika kijani changu, wakamlaza kwenye mkeka kando ya mama yake. Alikuwa amelishika pindo lake kwa vidole.

"Hii njo yake," alisema rafiki yangu.

"Ni kuukuu. Ngoja nitamshonea—"

"Iko na harufu yako. Ataijua." Aliniangalia nilivyosimama pale na kikwembe kimoja tu, kama mtu aliyeibiwa sokoni, akacheka kimya kimya asimwamshe mtoto. "Siku ya ubatizo utavaa viwili, eeh? Mama wa ubatizo hapana kusimama mbele ya padri nusu."

Nilisema nitavaa vitatu. Nikamshukuru kwa Kinande, wasingya, nikatoka haraka.

Nilipanda kurudi Butembo madirisha yamefunguliwa, mpaka baridi ikanikuta njiani ikanishika kiunoni, pale kikwembe kilipokuwa. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka. Mama mdogo alinisubiri mlangoni, akanitazama kutoka juu hadi chini.

"Blanketi walipenda?"

"Walipenda."

"Na kikwembe chako kiko wapi?"

"Mutoto amekitwaa," nikasema. "Wa tatu."

Alihesabu kwa vidole, akajifanyia ishara ya msalaba. Halafu akaenda kupasha chakula. Mimi nilikaa atelie bila kuwasha taa, chini ya diploma yangu. Herufi zile zilikuwa nzuri, bado nasema, nzuri kuliko zote nilizowahi kudarizi.